Kapsuli Hamsini na Nane

Sauti ya mwanamume kwenye simu ilikuwa imefika ngazi ya nne. Ikifika ya kumi makofi yangelia, na mama angefumbua macho.

Chumbani, binti alimwaga kapsuli za mama juu ya shuka na kuzihesabu kwa ukucha, tanotano, kama afanyavyo kila siku kwenye famasi yake. Kopo la sitini lilikuwa jipya, limefunguliwa asubuhi hiyohiyo, na mama ameshameza mbili. Hamsini na nane. Mama naye alikuwa na mazoea ya kuzihesabu, kwa hiyo hamsini na tisa ingekuwa kesi.

"Ngazi ya tano," ilisema sauti kutoka sebuleni. "Maumivu umeyaacha huko juu. Wewe unashuka bila mzigo."

Kwa hilo binti hakuwa na ugomvi. Alishasoma tafiti: hipnosia, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka akili iache kuyafuata maumivu, huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Ugomvi wake ulikuwa na kapsuli ambazo mtaalamu huyohuyo wa kwenye simu aliziuza pamoja na rekodi ya sauti yake. Alikuwa amezipasua na kuzichunguza. Unga wa majani makavu, basi.

Kabla ya hapo, kwa miezi miwili, maumivu ya nyonga yalimfanya mama atambae kwenda chooni. Daktari akaandika parasetamoli. Mama akakataa katakata.

"Dawa za viwandani ndizo zilizommaliza baba yako," alisema. "Hata ukinifunga kamba, Bi Vipimo, hazipiti hapa." Akajigusa koo.

Ndipo binti alipoanza kuzijaza kapsuli zile parasetamoli, kwa mkono wake, kwenye mizani ya kazini. Nusu gramu kila moja. Mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni: sita kwa siku, kiwango kilekile cha daktari. Kwa mwanamke wa kilo arobaini na nane, hapo ndipo mwisho. Kikizidishwa siku baada ya siku, ini hufa polepole, wala halimpigii mtu kelele. Binti hakuzidisha hata chembe.

Siku ya sita mama alisimama bila kushika ukuta. Wiki ya pili alitoka peke yake hadi barabarani. Sifa zote zikamwendea mtaalamu, na binti akaendelea kupima na kujaza. Hii ilikuwa wiki ya nne.

"Ngazi ya nane."

Alimimina kapsuli zake kwenye kopo, akihesabu kwa midomo. Ya mwisho ilimponyoka, ikabingirika chini ya kitanda. Alipiga magoti, akapapasa vumbi.

"Ngazi ya tisa."

Hakuipata. Alichomoa nyingine mfukoni, akaitumbukiza, akakaza kifuniko. Zile za mtaalamu alizikumba kiganjani na kuzisukumiza kwenye mkoba. Makofi yakalia sebuleni.

"Uko wapi?" mama aliita.

"Natandika kitanda."

"Wewe? Tangu lini ukatandika kitanda cha mwenzio na chako kinakushinda?"

Binti alikwenda sebuleni huku akijifuta vumbi magotini. Mapazia yalikuwa yamefungwa, kama mtaalamu alivyoagiza. Mama alikuwa amejilaza kwenye kochi. Kifungua kinywa chake kilikuwa mezani, kimepoa, hakijaguswa.

"Mbona hujala, mama?"

"Chakula kimenikataa tangu juzi. Tumbo linanichafuka tu. Lakini nyonga, mwanangu! Siku hizi sijui hata kama ninayo."

Binti alivuta pazia. Mwanga ulipomwangukia mama usoni, weupe wa macho yake haukuwa weupe tena. Ulikuwa manjano.

Alibaki ameshika pazia. Akairudia hesabu kichwani, kutoka mwanzo. Nusu gramu. Sita kwa siku. Mizani alikuwa ameikagua mwenyewe Jumatatu. Sita haziwezi kufanya hivi.

"Mama, kuna kitu kingine unachomeza? Niambie ukweli."

Mama alicheka, akaficha mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyefumaniwa.

"Nani kakwambia? Haya, umenishinda. Nilikuona unakonda kwa ajili yangu, nikasema ngoja nimridhishe mwanangu. Wiki ya pili hii nazimeza zile dawa za daktari wako, sita kila siku, sikosi hata moja. Nilizinunua kwa mwenzako wa famasi ya ng'ambo ya barabara, usije ukanicheka."