Bata wa Kuchonga

Tangu alfajiri Mbonea alikuwa shambani, akisimika bata wa kuchonga katikati ya mabua ya mpunga, ili bata mwitu wakiwaona washuke. Mkewe, Nakijwa, alikuwa hajala kitu kwa siku nne, na jana alisema angeweza kunywa mchuzi wa bata. Mbonea aliwaelekeza bata wote kwenye upepo, kama wanavyokaa walio hai, akalala kifudifudi na bunduki yake.

Jua lilipanda, hakuna aliyeshuka. Aliyetokea ni Sekiete, kaka yake Nakijwa, akitembea polepole.

"Shemeji, twende nyumbani."

"Ameamka?"

"Dada ametutoka."

Mbonea aliinuka, akaiacha bunduki. Bata mmoja alikuwa ameangushwa na upepo. Akamsimika tena, akaukanyaga udongo mpaka ukashika.

"Waache hao, shemeji."

"Alisema atakunywa, Sekiete. Mwenyewe alisema."

Akaketi chini. Sekiete akaketi kando yake. Ndipo kundi likapita juu yao, likazunguka mara mbili, likatua. Hatua chache kutoka miguuni pao, bata mwitu wakaanza kudonoa punje zilizobaki.