Waya wa Spika ya Jikoni

Fundi alipiga magoti mbele ya kabati la chini ya ngazi, ambamo nyaya za spika za nyumba nzima zilikutana.

"Mtandao ni mzima, dada. Waya wa jikoni umechomolewa tena. Nani anaingia humu?"

"Hakuna mtu. Mama mkwe yuko juu kitandani, magoti yamemkataa. Hata chooni nambeba."

Nyaya zote zilijaa vumbi, isipokuwa ule mmoja. Fundi akaunusa. "Una mafuta. Kama dawa ya kuchua."

Mkamwana akauchukua, akanusa. Alikuwa ameacha kazi ya ajira ili ampake mama mkwe dawa hiyohiyo kila asubuhi.

Juu ya vichwa vyao sakafu ikalia, kisha ikanyamaza.

"Nichomeke?"

"Chomeka, ufungulie sauti mpaka mwisho," akanong'ona, huku akivua kandambili na kukanyaga ngazi ya kwanza.