Maji ya Kulainishia Zimwi

Mume alimzaba Mwanakheri kofi, kisha akayageukia mazimwi ya mkewe kabatini: kumi na tisa ya plastiki laini, yaliyotoka Japani, yale majitu ya sinema yanayokanyaga miji.

"Mtu mzima na midoli!"

Akavuta mkono wa la kwanza, likachanika begani. La pili akalikata shingo kwa kisu.

"Usiyavute makavu, Baba Rukia," Mwanakheri alisema, akifuta damu mdomoni. "Plastiki hii hulainishwa kwa maji yanayochemka. Viungo vinatoka vyenyewe."

Mume akacheka. "Basi lete, uyaue mwenyewe."

Akaketi, akalibana zimwi la kijani mapajani. Mwanakheri akarudi na birika linalotoa mvuke.

"Mimina!"

Mwanakheri akalitazama zimwi, akamtazama mumewe, kisha akaliinamisha birika.