Petroli Kwenye Ncha ya Kidole

Taa ya onyo ya injini ilikuwa imezimika tangu walipopita Ruti, lakini walipopanda kilima cha Kabingo, Viviane alisikia harufu ya petroli. Akamwambia dereva asimamishe gari.

"Mama, taa haiwaki," dereva alijibu. "Gari imepona. Twende kambini, batu banatungoja."

Lilikuwa gari la kupeleka wagonjwa wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hospitalini Mbarara. Wiki iliyopita mama mjamzito alitapika njia nzima kwa mvuke wa petroli, mpaka akazimia. Viviane, fundi aliyekimbia kutoka Uvira na kuanza upya kwa kufagia gereji, alibadilisha paipu ya mpira inayopitisha mvuke huo kutoka kwenye tangi. Kisha akasisitiza gari lijaribiwe barabarani kabla mgonjwa yeyote hajapanda.

Alitandika gunia, akaingia chini ya gari. Akapitisha kidole kwenye paipu, polepole, hadi penye kibano cha chuma kinachoishikilia. Hapo kidole kilihisi ubaridi. Akakinusa: petroli.

Kibano alichokikaza kwa mikono yake mwenyewe kilikuwa kimeipasua paipu mpya. Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

Simu ya dereva ikalia. "Ni batu ba kliniki. Banauliza tuko fasi gani. Nibaambie nini?"

"Baambie gari haijapona," Viviane alijibu kutoka chini. "Na baambie ni mimi nilikosea. Halafu uniletee kisu, nikate fasi imepasuka, nifunge tena."