Stika ya Trekta

Wakala wa bima alikuwa ndani ya pikapu ya Tunu, akibandika stika kwenye kioo cha mbele. Nje, simu mkononi mwa Tunu ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa ameituma namba ya stika ile kwa mamlaka ya bima ihakikiwe, na jibu lilisema: bima hii ni ya trekta.

Tunu akaingia, akaloki milango, akawasha gari.

"Dada, tunakwenda wapi? Sijamaliza!"

"Malizia tu, kaka. Nataka ukaionyeshe mwenyewe."

Wakala akacheka, akaikandamiza stika kwa kidole gumba. Tunu akashika njia ya kituo cha polisi, akipiga honi kama msafara wa harusi. Lango lilipotokea mbele, wakala akaanza kuibandua stika kwa kucha.

Ilikuwa imeganda barabara.