Kigezo cha Umri

“Umri hautoki,” alisema mtakwimu, na mkutano mzima ukamgeukia.

Wote waliokaa mezani walijua kwamba mama yake mzazi alikuwa ghorofa ya chini, wodi ya figo, kitanda cha dirishani. Walijua pia kwamba mama huyo alikuwa na miaka sabini na sita.

Mashine za kusafisha damu zilikuwa chache, wagonjwa wengi. Siku zote madaktari walichagua wenyewe nani apewe nafasi ya kudumu na nani arudi nyumbani, na kila wakichagua, shemeji wa mgonjwa mmoja alipiga simu kufoka na mwingine alilia koridoni. Wakachoka. Sasa walitaka modeli, ile iitwayo regresheni ya lojistiki: unailisha habari za mgonjwa, nayo inakupa namba kati ya sifuri na moja, yaani uwezekano wa kuwa hai mwaka mmoja baadaye. Atakayevuka nusu atapewa mashine. Asiyevuka, basi tena.

Kuchagua ilishwe nini ilikuwa kazi ya mtakwimu. Alianza kwa kusafisha data za wagonjwa wa zamani. Humo alimkuta mgonjwa wa kilo mia saba.

“Huyu si mgonjwa, ni ng’ombe,” alimwambia daktari mkuu. Wakacheka, nukta ikarudishwa mahali pake.

Penye kisukari aliweka moja, pasipo na kisukari sifuri. Vipimo viwili vya damu vilivyopanda na kushuka pamoja, alibakiza kimoja. “Hawa ni mashahidi waliolala nyumba moja,” alieleza. “Ukiwasikiliza wote, umesikia neno lile lile mara mbili.”

Kila jioni alishuka wodini kabla ya kwenda kwake. Kaka yake mkubwa hakuwa akibanduka pale, akimbembeleza mama ameze kijiko kimoja zaidi cha supu. Tangu baba yao afariki, kaka ndiye aliyekuwa baba; ndiye aliyeweka sahihi kila kilichohitaji sahihi.

“Mama yetu ni chuma,” kaka alisema. “Si ndiyo, mama?”

Mama alitabasamu kwa shida. Kisha akamtazama binti yake. “Hesabu zenu zimefika wapi?”

“Bado kidogo, mama.”

“Fanyeni haraka basi. Mimi nakutegemea wewe.”

“Najua, mama.”

Ndiyo maana mkutanoni, aliposema umri hautoki, walidhani hawakumsikia vizuri. Daktari mkuu, jitu la miraba minne lenye sauti ya chini, alivua miwani.

“Binti yangu, umri na nguvu za moyo si ndio wale mashahidi wako wa nyumba moja? Tumeshaupima moyo. Umri wa nini tena?”

“Nimewapima, daktari. Wanajuana, lakini kila mmoja ana lake la kusema. Ukiutoa umri, modeli inakosea zaidi.”

“Zaidi kiasi gani?”

“Kidogo.”

“Kidogo!”

“Kidogo hicho ni watu, daktari.”

Muuguzi mkuu alimshika mkono juu ya meza. “Mdogo wangu, unajua unachokisema? Umri ukiwemo, mama...”

“Havuki nusu. Najua. Nimeshajaribu.”

Feni ilikuwa ikizunguka juu yao kwa kukwaruza. Daktari mkuu alipangusa macho kwa kidole gumba, bila kuona haya.

“Hapa hakuna mtu ambaye hajaniomba nimsogezee ndugu yake mbele,” alisema. “Wewe ni wa kwanza kukataa kusogezewa. Sawa, haki haina jamaa. Lakini hakuna haki inayomtaka mtoto amchimbie mama yake kaburi. Wanaotaka umri utolewe, wanyooshe mikono.”

Mikono ilinyooka mmoja baada ya mwingine, mpaka ukabaki wake peke yake, umelala mezani. Alifungua kinywa aseme tena. Muuguzi mkuu akamkumbatia, naye akasimama ndani ya lile kumbatio kama mlingoti.

Aliufuta umri. Akaiendesha modeli upya. Vidole vyake vilikaa juu ya vitufe kitambo. Angeweza kuugusa mstari mmoja tu, wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, na asingejua mtu. Hakuweza. Si kazi aliyofundishwa. Namba ya mama ikatoka: nukta sita moja.

Habari zilimtangulia wodini. Kaka mkubwa alikuwa amemkumbatia daktari mkuu, mwili wake wote ukitikisika kwa kilio, huku akimwita mwokozi wa ukoo. Alipomwona dada yake alimnyanyua kama mtoto. “Wewe! Kumbe kusoma kwako kulikuwa kwa siku ya leo!” Kisha akatoka koridoni kuwapigia simu mashangazi, na vigelegele vyao vikasikika mpaka ndani.

Mtakwimu alikaa ukingoni mwa kitanda. Mama alikuwa ameelekea ukutani. Alisubiri mpaka mlango ukajifunga, ndipo akasema polepole, bila kugeuka:

“Nimechoka, mwanangu. Nilikuomba kitu kimoja tu, hesabu zinikatae, ili kaka yako asijue kwamba ni mimi ninayeikataa mashine.”