Jongoo Aliyetenga Majani

Jongoo mmoja, mpenda utaratibu kupindukia, aliishi chini ya mivule miwili isiyotoka mbegu moja. Mmoja ulidondosha majani laini, mwingine magumu na machungu. "Kila ukoo na rundo lake," akasema, akayatenga.

Rundo laini likaoza haraka, rutuba yake ikaenda na mvua. Rundo gumu likabaki kavu kama ngozi. Miche ya mvule ikageuka njano, na wanawe Jongoo wakalala njaa.

Siku moja Kanga, ndege asiyejua kutulia, akaja kupekua mchwa, akayavuruga marundo yote mawili.

"Umeniharibia kazi ya msimu mzima," Jongoo akalalamika.

"Niwie radhi, bwana. Miguu yangu haina adabu," Kanga akajibu, akaenda zake.

Jongoo akaanza kutenga upya, jani baada ya jani. Siku kadhaa zikapita, na kabla hajafika nusu, akagusa jani gumu lililolalia yale laini. Lilikuwa limelainika, linamegeka. Akawaita wanawe, wakala wakashiba. Baada ya wiki chache miche nayo ikarudi kijani.

Kanga alipopita tena, alipita mbali kwa aibu. Jongoo akamwita, "Bi Kanga, mbona unanikwepa? Karibu uniharibie tena."